Mwili umejaa, mtoto bonge... kumbe ni sukari!

Mpenzi msomaji, kuna sifa moja ambayo hapa kwetu Bariadi mwanamke akipewa, siku hiyo halali na njaa hata kama jikoni hakuna kitu. Sifa yenyewe ni hii: "Umenenepa!"

Ukikutana na shoga yako sokoni baada ya miezi mitatu, haanzi na habari za watoto. Anakutazama juu mpaka chini, anapiga makofi, kisha anapayuka mbele za watu: "Mwe! Mwenzetu unatunzwa!" Hapo umesifiwa wewe, na mumeo huko aliko kasifiwa pia. Ole wako sasa uwe kimbaumbau kama mimi. Kila mtu anataka kujua unaumwa nini.

Sifa hiyo ikikutana na mimba, basi tena. Mjamzito akijaa mashavu, akatembea kwa kuyumba kama bata, mawifi wanasema mtoto amekaa vizuri. Mtoto naye akizaliwa na kilo nne na ushee, shangwe zake usipime. Kuna bibi mmoja jirani yetu husema mtoto wa namna hiyo kesho yake unamkabidhi fimbo akachunge ng'ombe.

Na mimi nilikuwa mpiga makofi mzuri tu katika kundi hilo. Mpaka yalipomkuta dada yangu.

DADA NA CHUPA YA MAJI

Dada yangu mkubwa anakaa hapa hapa mjini. Ana kibanda cha kuuza vitenge, na shemeji yangu ni dereva wa lori la pamba. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa na kilo tatu na kidogo. Wa pili alikuja mwaka 2019 na kilo 4.2, tukashangilia mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Mwaka 2023 ikaingia mimba ya tatu. Dada alikuwa na miaka 34, urefu wake ni mita 1.60, na siku aliyofungua kadi ya kliniki mzani ulisoma kilo 88.

Mimba ile ilikuwa na vituko. Dada alikunywa maji kama ng'ombe aliyetoka Meatu wakati wa kiangazi. Chupa ya lita moja na nusu ilikuwa haimtoki mkononi. Usiku anaamka kwenda haja ndogo mara nne, mara tano. Anachoka hata kabla ya kufungua kibanda. Tukimuuliza anasema, "Si mimba tu, mdogo wangu. Subiri na wewe zamu yako ifike."

Siku moja mwanawe mkubwa alitoka uani akasema, "Mama, mbona choo chetu siku hizi kina sisimizi wengi hivi?" Tukacheka sana. Jamani, tulicheka! Leo nikikumbuka kicheko kile najisikia vibaya, kwa sababu wale sisimizi walikuwa wameshajua ambacho sisi watu wazima hatukukijua.

Kliniki alihudhuria. Alipimwa presha, alipimwa damu, alipimwa uzito. Kipimo cha sukari kilipohitajika aliambiwa vibanzi vya kupimia vimekwisha, arudi wiki inayofuata au akapime kwa fedha yake maabara ya nje. Sitaji ni kituo gani, kwani sikuja hapa kugombana na mtu. Wiki inayofuata ikawa msimu wa pamba umeanza, wateja wa vitenge ni wengi, dada hakurudi. Hakuwa na maumivu popote, sasa akapime nini?

USIKU WA MWEZI WA SABA

Uchungu ulimshika mwezi Julai usiku, shemeji akiwa safarini na lori. Tukachukua bajaji. Mimi nilibaki nje ya mlango wa chumba cha kujifungulia, nimeshika kanga na beseni.

Mambo yalianza vizuri. Nikasikia mkunga anasema kichwa kimetoka. Nikaanza kutafuta simu nimpigie shemeji. Halafu kimya. Kisha sauti ya mkunga ikabadilika kabisa: "Mama, acha kusukuma! Acha kwanza! Njooni wawili mshike miguu!" Nikaona manesi wawili wanapita mbio.

Kichwa kilikuwa nje, mabega yamekwama ndani. Baadaye yule mkunga alinieleza kwamba hapo ni suala la dakika tu, maana kitovu kinabanwa na mtoto anakosa hewa. Walimkunja dada mapaja mpaka yakagusa tumbo, mmoja akakandamiza juu ya kinena, mkunga akaingiza mkono kuliondoa bega. Mtoto akatoka. Hakulia mara moja. Walimsugua, wakampulizia hewa kwa kile kibofu chao, ndipo akalia.

Mzani: kilo 4.8! Nilipiga simu kwa mama mkwe wa dada, nikasikia vigelegele upande wa pili. Bonge la dume!

Vigelegele havijapoa, nesi akagundua mtoto anatetemeka. Mikono inachezacheza, mwili wa baridi, ziwa analikataa. Na mkono wa kulia ulikuwa umelala tu pembeni kama si wake. Wakamchoma kisigino, wakapima tone la damu. Sukari ilikuwa 1.4. Nesi akasema kwa mtoto mchanga ikishuka chini ya 2.6 ni lazima washughulike haraka. Akatundikiwa dripu ya sukari na kuhamishiwa chumba cha watoto wachanga.

Saa mbili baadaye wakampima na dada: 14.6. Hiyo ni sukari ya kutisha.

Mimi nikabaki nimeduwaa. Inakuwaje mama ana sukari mpaka inamwagika chooni, halafu mtoto aliyetoka tumboni mwake anataka kufa kwa kukosa sukari hiyo hiyo?

SUKARI INAPITA, DAWA HAIPITI

Mimi siyo daktari. Nimeishia kidato cha nne, na Baiolojia yenyewe nilipata ile ya kuombea dua. Lakini swali lile lilinikaa rohoni, nikaenda kuwauliza wakunga na daktari mmoja hadi nikaelewa. Hebu nikueleze nilivyoelezwa.

Mwilini tuna kiungo kinaitwa kongosho, kipo nyuma ya tumbo la chakula. Kazi yake moja ni kutengeneza insulini. Insulini ndiyo kama ufunguo: inafungua milango ya mwili ili sukari iliyo kwenye damu iingie ndani ikawe nguvu. Insulini ikipungua, au milango ikigoma kufunguka, sukari inazurura kwenye damu. Ikizidi sana inamwagikia kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Ndiyo maana ya kiu, ndiyo maana ya kukojoa usiku kucha, na ndiyo karamu ya wale sisimizi.

Sasa ukiwa na mimba, kondo la nyuma linatoa homoni zinazofanya milango hiyo iwe migumu. Siyo ubaya, ni mpango wa mwili ili chakula kibaki kwenye damu na mtoto apate. Mama mwenye afya, kongosho yake inaongeza kazi na mambo yanakwenda. Lakini mama mwenye unene mkubwa, hasa wa kiunoni na tumboni, milango yake ilikuwa migumu tangu zamani. Mimba ikiongeza ugumu juu ya ugumu, kongosho inachoka. Hicho ndicho kinaitwa kisukari cha mimba, na mara nyingi kinajitokeza kuanzia mwezi wa sita.

Sukari ya mama inapita kwenye kondo mpaka kwa mtoto. Insulini ya mama haipiti. Kwa hiyo mtoto anapokea mzigo bila ufunguo, inabidi kongosho yake ndogo ifanye kazi ya mtu mzima. Inatoa insulini nyingi, na insulini hiyo inamnenepesha, hasa mabegani na tumboni. Ndiyo maana kichwa kinapita, mabega yanagoma. Yule bonge tunayempigia vigelegele mara nyingine hakushiba vizuri. Amelishwa kupita kiasi kwa miezi.

Halafu anazaliwa. Kitovu kinakatwa. Mzigo wa sukari umekatika ghafla, lakini kongosho yake haijui, bado inamwaga insulini. Sukari iliyobaki inafagiwa yote. Mtoto anatetemeka, anapoa, anashindwa kunyonya, na ubongo wake unaweza kuumia. Ndiyo maana mtoto wa mama mwenye kisukari anatakiwa kunyonyeshwa ndani ya saa ya kwanza na kila baada ya saa mbili au tatu, na apimwe sukari hata kama anaonekana mzima. Watoto hawa pia wanaweza kupata shida ya kupumua, kwa kuwa mapafu yao yanachelewa kukomaa, na wengi hupata manjano.

Daktari yule akaniongezea jambo moja ambalo sikulitegemea. Mwanamke aliyekuwa na kisukari kabla ya kushika mimba ana hatari nyingine ya mwanzo kabisa. Moyo na uti wa mgongo wa mtoto vinajengwa wiki zile za kwanza, wakati mama mwenyewe pengine hajajua kama ana mimba. Sukari ikiwa juu wakati huo, viungo vinaweza kujengeka vibaya. Mtu kama huyo anatakiwa ashushe sukari kwanza na kuanza vidonge vya foliki, ndipo atafute mtoto.

UNENE PEKE YAKE NAO UNA MAMBO YAKE

Usije ukasema, "Mimi mnene lakini sukari sina, nimepona." Daktari alinifundisha hesabu: chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu wako kwa mita, gawanya tena kwa urefu huo huo. Ukipata 25 kwenda juu, uzito umezidi. Ukipata 30 kwenda juu, huo ni unene wa kupindukia. Dada yangu na kilo zake 88 alikuwa na 34, kabla mimba haijakua.

Unene huo unaongeza hatari ya presha ya mimba na kifafa cha mimba, ugonjwa unaoua mama na mtoto. Unaongeza hatari ya mtoto kufia tumboni, na ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Mpiga picha ya tumbo anapata taabu kumwona mtoto vizuri. Uchungu unaweza kwenda polepole na kuishia kwenye upasuaji. Na upasuaji kwa mtu mnene ni mgumu zaidi, ganzi yake ni ngumu zaidi, kidonda kinachelewa kupona. Baada ya kujifungua, mfuko wa uzazi uliotanuka sana unaweza kushindwa kujikaza, mama akamwaga damu nyingi.

Lakini tusielewane vibaya. Sijasema mjamzito afunge kula ili apungue! Huko ni kumnyima mtoto. Kinachotakiwa ni kutoongeza kilo kupita kiasi. Mwanamke mwenye uzito wa kawaida anategemewa kuongeza kilo 11.5 hadi 16 kwa mimba nzima. Aliye na unene wa kupindukia zinamtosha kilo 5 hadi 9. Ule msemo wa "kula kwa ajili ya watu wawili" umetuponza wengi. Huyo mtu wa pili ni wa gramu, siyo wa sahani.

ZAMANI HATUKUWA HIVI

Mama yangu mdogo alinibishia. "Sisi tulizaa tisa, hatukusikia habari ya sukari ya mimba." Nikataka kumjibu kwa jeuri, kumbe ana ukweli wake.

Mwaka 1991 watafiti wa Muhimbili, akiwemo Dk. Andrew Swai na Profesa Donald McLarty, walitoa utafiti wao wa wanawake wajawazito wa vijijini Tanzania. Hawakumpata mwenye kisukari cha mimba hata mmoja. Mwaka 2014 Akwilina Mwanri wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na wenzake walitoa utafiti wa wajawazito 910. Vijijini walikuta 1 katika kila 100. Mjini walikuta 8.4 katika kila 100. Utafiti mwingine wa Arusha mjini uliotolewa mwaka 2019 ulikuta 13 katika kila 100. Tafiti hizi hazikutumia vigezo vinavyofanana, kwa hiyo usizilinganishe kama bei za nyanya. Lakini mjini na kijijini katika ule wa 2014 walipimwa kwa kigezo kimoja, na tofauti unaiona mwenyewe. Tena utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 uliona kuwa wanawake 28 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia.

Sasa tazama Bariadi yetu. Kabla ya mwaka 2012 tulikuwa wilaya tu ya Shinyanga. Mwaka huo Simiyu ikawa mkoa, na Bariadi ikawa makao makuu. Ofisi zikaja, nyumba za wageni zikaja, lami ikaja, na chipsi mayai ikaja nyuma yake. Mama alikuwa anatembea kwa miguu kutoka shambani na mzigo wa kuni kichwani. Mimi kutoka nyumbani mpaka sokoni napanda bodaboda, na nikishuka naagiza soda. Wenzetu wa vijiji vya Itilima na Meatu bado wanalima pamba kwa jasho, na wengine tatizo lao ni damu pungufu na chakula kidogo, siyo unene. Ila huku mjini tumebadilisha maisha, sifa hatukubadilisha. Bado tunampigia makofi mtu kwa kunenepa, kana kwamba jembe linamsubiri alfajiri.

KIPIMO CHENYEWE NI CHA ASUBUHI MOJA

Kisukari cha mimba mara nyingi hakiumi wala hakitoi taarifa. Dada alikuwa na bahati mbaya ya kuwa na dalili zote na bado tukazicheka. Wengine hawaoni hata hiyo kiu. Njia ya kujua ni kupima damu. Mkojo hautoshi, maana mjamzito mzima anaweza kuwa na sukari kwenye mkojo, na mwenye kisukari anaweza asionekane.

Kipimo kamili kinafanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Unalala bila kula, asubuhi unachukuliwa damu, unakunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha unachukuliwa damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, una kisukari cha mimba ikiwa kabla ya kunywa sukari imefika 5.1, au saa moja baadaye imefika 10.0, au saa mbili baadaye imefika 8.5. Kimoja tu kikifika, kimetosha.

Lakini kuna wanaotakiwa kupimwa tangu siku ya kwanza ya kliniki, wasisubiri miezi sita: mwanamke mnene sana, aliyewahi kuzaa mtoto wa kilo nne au zaidi, aliyewahi kupoteza mtoto tumboni bila kujulikana sababu, aliyewahi kupata kisukari cha mimba, na ambaye mzazi au ndugu wa damu ana kisukari. Soma tena hiyo orodha halafu umkumbuke dada yangu. Mtoto wake wa pili, yule wa kilo 4.2 tuliyemshangilia, alikuwa barua iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Hatukuisoma.

Kituo kikikwambia vibanzi vimekwisha, usirudi nyumbani ukanyamaza. Uliza lini vitakuja, uliza ni wapi pengine wanapima. Mwambie mumeo. Fedha ya kupima sukari haifiki hata bei ya doti moja ya kitenge.

DENGU NA CHOROKO ZA KWETU

Habari njema ni kwamba wengi wenye kisukari cha mimba wanaweza kuimudu sukari kwa chakula na kutembea tu. Na chakula chenyewe hakitoki Ulaya.

Sahani igawe. Nusu iwe mboga: mlenda, mchicha, majani ya kunde, kabichi. Robo iwe dagaa, samaki, nyama isiyo na mafuta, dengu au choroko, ambazo Simiyu tunalima mpaka tunauza. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, kiasi cha ngumi yako, na dona ni bora kuliko sembe. Michembe na viazi vitamu vihesabu pamoja na ugali. Siyo ule ugali ushibe halafu michembe ushushie na chai. Maziwa ya mgando sawa, bila sukari. Tunda lile zima, siyo juisi. Soda iache kabisa: chupa moja ya mililita 350 inabeba sukari ya vijiko zaidi ya vinane vya chai. Nawe ukiona mjamzito amechoka unamletea soda mbili kumtia nguvu! Tumewafanyia wangapi hivyo?

Baada ya kula tembea nusu saa, kama daktari hajakukataza. Bodaboda iache ipite.

Wasiotosheka na chakula na kutembea wanaongezewa vidonge au insulini. Hapa kuna uzushi mwingi mtaani, eti sindano za sukari ukianza huachi mpaka kaburini. Kwa kisukari cha mimba, wengi huacha mara tu wanapojifungua, maana kondo lililoleta fujo limetoka. Na kama nilivyosema, insulini haipiti kwenda kwa mtoto. Inayopita ni sukari. Sasa uogope nini, sindano au sukari? Majani ya kuchemsha uliyoelekezwa na jirani usiyachanganye na mimba bila kumwambia daktari.

Na usijifungulie nyumbani. Mtoto mkubwa akikwama, tofauti ya uzima na kifo ni mikono inayojua la kufanya. Akikwama kwa saa nyingi pasipo msaada, mama anaweza kubaki na fistula, akavuja mkojo mpaka atibiwe. Mwenye sukari apange mapema kujifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji na cha watoto wachanga, na ajue siku hiyo atafikaje.

AROBAINI ILIPOPITA

Turudi kwa dada. Mtoto alikaa hospitali siku sita. Mkono ule ulikuwa umevutwa mishipa ya fahamu ya shingoni wakati wa kumtoa. Tulifundishwa kumfanyisha mazoezi, tukawa tunaunyoosha na kuukunja kila tukimbadilisha nepi. Mwezi wa tano akaanza kushika kidole changu. Leo anarusha mawe kwa mkono huo huo, kuku wote wa jirani wanamjua, ingawa kuunyanyua juu kabisa bado haufiki kama wa kushoto.

Kabla hatujaruhusiwa, nesi alimwambia dada, "Wiki sita zikipita, rudi upimwe. Sukari ya mimba inaondoka, lakini inaacha njia." Maana yake ni kwamba mwanamke aliyeipata mara moja yuko kwenye hatari kubwa ya kupata kisukari cha kudumu miaka ya mbele, na anatakiwa kupimwa mara kwa mara maisha yake yote. Kunyonyesha na kupunguza uzito kunasaidia.

Wiki sita zikapita na arobaini yake, dada hakwenda. Mtoto analia, kibanda kinadai, na sukari haiumi. Nilimpeleka mimi mwezi wa nne, nimemshika mkono kama mwizi. Kabla ya kula ilikuwa 6.4. Daktari akasema hajaingia kwenye kisukari, ila amesimama mlangoni.

Mpenzi msomaji, nimeandika yote haya kwa sababu mwezi uliopita dada amefungua tena kadi ya kliniki. Mimba ya nne. Safari hii alikwenda wiki ya tisa, hakungoja vibanzi vya mtu, akapima siku hiyo hiyo. Sukari ilikuwa imepanda. Sasa anapima kila asubuhi na anaandika kwenye daftari alilokuwa anaandikia wadeni wa vitenge. Shemeji akiwa njiani na lori anapiga simu saa moja kamili, na swali la kwanza ni moja tu: "Imesomaje?"

Jumapili tulikuwa naye kwa mama mkwe wake. Dada akasema safari hii anaomba mtoto wa kilo tatu tu, kilo tatu na nusu ikizidi sana. Mama mkwe akaweka sahani chini. "Kilo tatu? Ng'wanone, huyo si panya?"

Tukacheka. Lakini safari hii dada ndiye aliyecheka wa kwanza, na ugali wake ulikuwa wa ngumi moja.

Kwa hiyo wiki hii nina ombi kwa watu wa Bariadi. Mkimwona dada yangu pale sokoni na tumbo lake, tafadhali msimpigie makofi kwamba amenenepa. Muulizeni asubuhi ya leo sukari imesomaje. Na ukimaliza kumuuliza yeye, mgeukie mwenzako mjamzito aliye karibu nawe, umuulize na yeye.

Tukutane wiki ijayo.